Watu kumi, dawa mbili: shajara ya kijitabu cha takwimu

Siku ya 1, Jumatatu

Kazi imeniangukia mimi. Ripoti yetu ya robo iliyopita ilirudi kutoka mezani kwa bi mkubwa ikiwa na wino mwekundu mahali pamoja tu. Chini ya jedwali la wastani tulikuwa tumeandika "utafiti umethibitisha", naye pembeni akauliza: "Umethibitisha kuhusu nani?" Nilicheka, kisha nikaona sina jibu. Jedwali lilihusu kaya tulizozitembelea. Sentensi ilihusu wilaya nzima. Kati ya kimoja na kingine hapakuwa na hesabu yoyote, tulikuwa tumeruka tu.

Basi naandaa kijitabu, kurasa nane, Kiswahili mwanzo mwisho, kwa ajili ya vijana wetu wanaozunguka mlango kwa mlango na vishikwambi. Kuhoji wanakujua kuliko mimi. Wasichokijua ni yanayoyapata majibu yao yakishafika ofisini, pamoja na zile aina tatu za takwimu zinazotajwa kwenye kila semina bila mtu kusimama akazieleza. Shajara hii naiandika ili nikikwama nijue nilikwamia wapi.

Siku ya 2, Jumanne

Siku nzima imeishia kwenye majina.

La kwanza halikuwa na ugomvi: takwimu elezi. Zinaeleza kilichopo mezani, basi. La pili nimeliita takwimu za uhusiano. Nilijaribu "uwiano" nikaliacha, maana uwiano wa darasani ni 2:3, na msomaji angeanza kutafuta nukta mbili zilipo. La tatu ndilo limetula muda. Kaka mhasibu alitoa "takwimu bashiri". Nikamwambia, kaka, kijana akisikia kubashiri atawaza mkeka wa Jumamosi. "Kisio" nalo likawa jepesi mno, linasikika kama mtu anayekadiria kwa jicho. Nimebaki na takwimu hitimishi: umepima hawa, unahitimisha kuhusu wale usiowapima. Halina utamu mdomoni, ila mzigo linaubeba.

Jioni nikaweka swali la bi mkubwa chini ya kila jina. Elezi ni kuhusu nani? Hawa hapa. Uhusiano? Hawa hapa, ila unatazama mambo mawili kwa kila mmoja wao. Hitimishi? Wale ambao hawapo. Nikafurahi nikafunga kompyuta. (Nimerudi kuongeza: hilo la katikati halikukaa sawa. Tazama siku ya 18.)

Siku ya 4, Alhamisi

Nahitaji mfano mmoja utakaobeba kijitabu kizima. Namba za kubuni sizitaki. Hawa vijana hunusa data za kupika kutoka mbali, ndiyo kazi yao. Data zetu wenyewe ni ndefu, na zina siri za watu.

Nimeupata ndani ya R yenyewe, ile programu ya kompyuta ya kufanyia takwimu, kwenye faili liitwalo sleep linalokuja na programu bila kupakuliwa. Ni wagonjwa 10, kila mmoja alipewa dawa mbili za usingizi kwa nyakati tofauti, na pembeni zimeandikwa saa alizozidisha kulala kulinganisha na usiku asiokuwa na dawa. Data zilichapishwa na Cushny na Peebles mwaka 1905. Wagonjwa walikuwa wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Kalamazoo, jimbo la Michigan, Marekani.

Zimepata umaarufu kwa sababu ya mtu mwingine kabisa. William Sealy Gosset alikuwa mkemia wa kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin. Shida yake ilikuwa uchache. Majaribio ya shayiri hupati mia, unapata manne, sita, kumi ukibahatika, na hesabu za wakati ule zilitaka sampuli kubwa. Mwaka 1908 alichapisha njia ya kuhukumu sampuli ndogo katika jarida la Biometrika, na wagonjwa wa Kalamazoo wakawa mfano wake. Kiwanda hakikuruhusu wafanyakazi wachapishe kwa majina yao, akajiita Student. Ndiyo maana hadi leo kipimo kile kinaitwa t ya Student, na wengi wanadhani ni t ya wanafunzi. Mimi nilidhani hivyo mpaka nikamaliza chuo.

Siku ya 5, Ijumaa

Jedwali lote linaenea kwenye kiganja. Naliweka hapa kwa mpangilio wa wagonjwa, wa kwanza hadi wa kumi.

Dawa ya kwanza: 0.7, −1.6, −0.2, −1.2, −0.1, 3.4, 3.7, 0.8, 0.0, 2.0.
Dawa ya pili: 1.9, 0.8, 1.1, 0.1, −0.1, 4.4, 5.5, 1.6, 4.6, 3.4.

Alama ya kutoa maana yake amelala pungufu. Mgonjwa wa pili dawa ya kwanza ilimnyima zaidi ya saa moja na nusu.

Sasa kueleza. Wastani wa dawa ya kwanza ni 0.75, yaani dakika 45 za nyongeza. Wa dawa ya pili ni 2.33, kama saa mbili na dakika ishirini. Tofauti yao ni 1.58. Ukizipanga namba kwa ukubwa, ya katikati (mediani) ni 0.35 kwa dawa ya kwanza na 1.75 kwa ya pili. Mediani kukaa chini ya wastani kunakwambia kuna wachache wanaovuta juu, na kweli wapo: mgonjwa wa 6 na wa 7. Mkengeuko sanifu, yaani kiasi ambacho watu hutawanyika kutoka kwenye wastani wao, ni 1.79 na 2.00.

Hapo elezi imemaliza kazi yake. Hakuna hata moja kati ya namba hizi inayoweza kubishiwa, labda kama nimekosea kujumlisha. Ndiyo raha ya takwimu elezi, na ndiyo kasoro yake: haikosei kwa sababu haijasema lolote kuhusu mtu wa kumi na moja.

Siku ya 8, Jumatatu

Uhusiano. Nimechora mchoro wa nukta: dawa ya kwanza kwenye mstari wa chini, ya pili kwenye mstari wa wima, kila mgonjwa nukta yake. Nukta zinapanda kutoka kushoto kwenda kulia kama ngazi iliyolegea. Aliyelala sana kwa dawa moja amelala sana kwa nyingine. Kipimo cha uhusiano cha Pearson, kile kinachoandikwa r na kutembea kati ya −1 na 1, kinatoa 0.80.

Nimekaa na hiyo 0.80 asubuhi nzima, maana hapa ndipo vijana huteleza, na si vijana peke yao. Je, dawa ya kwanza iliifanya ya pili ikubali? Hapana, hizi ni dawa mbili tu. Nyuma yake yupo mgonjwa mwenyewe. Mgonjwa wa 7 ni mtu ambaye mwili wake unaitikia, ukimpa hii analala, ukimpa ile analala zaidi. Wa 5 hatikisiki: −0.1 na −0.1. Kitu cha tatu ambacho hakimo kwenye jedwali ndicho kinachozisogeza safu mbili kwa pamoja. Nimeupenda mfano huu kwa sababu hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeshawishika kwamba safu moja ndiyo sababu ya nyingine, na bado r ni kubwa.

Mchana nikaongeza ukurasa wa Anscombe. Mwaka 1973 Francis Anscombe alitunga seti nne za namba, kila seti jozi 11. Katika zote nne wastani wa x ni 9, wa y ni 7.50, na r ni 0.816. Ukizichora, ya kwanza ni wingu la kawaida linalopanda. Ya pili ni upinde. Ya tatu ni mstari ulionyooka ambao nukta moja imeukimbia. Ya nne ndiyo kituko: nukta kumi zimesimama wima kwenye x = 8, na moja peke yake iko mbali, kwenye x = 19, nayo ndiyo inayobeba r yote mgongoni. Iondoe hiyo, hakuna uhusiano wa kupima. Nimeandika kwa herufi nene: chora kwanza.

Siku ya 9, Jumanne

Umeme umekatika saa nne, umerudi saa kumi. Kabla ya hapo nilinakili amri ya kulinganisha jozi kutoka kwenye mwongozo wa zamani, R ikanigomea. Toleo jipya halitaki neno paired kwenye amri iliyoandikwa kwa mtindo ule, linataka safu mbili zitengwe kwanza. Kosa ni langu, mwongozo ule una miaka.

Siku ya 11, Alhamisi

Hitimishi. Nilikuwa nahofia ukurasa huu, na sokoni ndiko nilikoupatia mlango.

Jana nilipita kwenye ghala la maharage. Mnunuzi hafungui magunia. Anachukua bambo, lile chuma lenye ncha na mfereji, analichoma ubavuni mwa gunia, punje zinateremka kiganjani, anazitazama, anataja bei. Ameona punje thelathini, analipia gunia. Huko ndiko kuhitimisha. Na mnunuzi mzoefu hachomi juu peke yake, maana anajua muuzaji huweka mazuri mdomoni. Anachoma juu, katikati, chini, na gunia ambalo hakuonyeshwa. Kitabu kizima cha sampuli nasibu, yaani kuchagua kwa bahati bila upendeleo, kimo kwenye mkono wa yule mzee.

Nikarudi kwa wagonjwa wangu. Swali sasa limebadilika. Kwamba dawa ya pili iliwalaza hawa kumi zaidi, tumeshamaliza. Tunauliza: kama kwa kweli dawa hizi hazitofautiani, je, tofauti ya 1.58 ingeweza kujitokea kwa bahati ya bambo?

Nilifanya makosa kwa makusudi kwanza. Nikajifanya kwamba ni watu ishirini, kumi wa dawa hii na kumi wengine wa ile. Tofauti 1.58 unaigawa kwa kosa sanifu, ambalo ni kipimo cha jinsi tofauti hiyo ingeyumba ukirudia utafiti. Kosa sanifu likawa 0.849, t (jibu la huko kugawa) ikawa 1.86, p ikawa 0.079. Kwa maneno: kama dawa hazitofautiani, tofauti kubwa kiasi hiki au zaidi, upande wowote, ingetokea kama mara 8 katika 100. Kwa mazoea ya kutaka p iwe chini ya 0.05, mtafiti anaandika "hakuna ushahidi wa kutosha" na kwenda nyumbani.

Halafu nikafanya sawasawa. Watu ni walewale, kwa hiyo unatoa ndani ya kila mtu: 1.2, 2.4, 1.3, 1.3, 0.0, 1.0, 1.8, 0.8, 4.6, 1.4. Wastani ni uleule, 1.58. Lakini kosa sanifu limeshuka hadi 0.389, t ni 4.06, p ni 0.0028. Chini ya mara 3 katika 1000.

Namba zilezile, tofauti ileile, hukumu mbili. Kilichotokea katikati ni ile r ya Jumatatu. Kwa kuwa mwenye mwili unaoitikia huitikia dawa zote mbili, ukitoa ndani yake unaufuta mwitikio wake mwenyewe na unabaki na tofauti ya dawa. Uhusiano ulifanya kazi ya kusafisha kelele. Sikuwa nimeupangia kazi hiyo, nilidhani ni ukurasa wa katikati wa kupitia tu.

Tofauti halisi, kwa uhakika wa asilimia 95, inakaa kati ya saa 0.70 na 2.46. Nimewaambia vijana (yaani nitawaambia) waandike hivi kuliko kuandika p peke yake. Dakika arobaini na saa mbili na nusu ni vitu ambavyo mtu aliyekosa usingizi anavielewa.

Siku ya 12, Ijumaa

Mgonjwa wa 9 ananisumbua. Sifuri kwa dawa ya kwanza, saa 4.6 kwa ya pili. Kwenye mchoro wa nukta amesimama kando kama mgeni harusini. Nikajiuliza kama ndiye anayebeba matokeo yote, kama ile nukta ya Anscombe. Nikamwondoa nione.

Nilitegemea ushahidi uporomoke. Tofauti ya wastani ilishuka kweli, kutoka 1.58 hadi 1.24. Lakini t imepanda, kutoka 4.06 hadi 5.66! Nikadhani nimekosea, nikahesabu kwa mkono kwenye karatasi ya kufungia maandazi. Ni sawa. Mgonjwa wa 9 alikuwa anaongeza tofauti, ila alikuwa anaongeza mtawanyiko zaidi: bila yeye mkengeuko wa zile tofauti unashuka kutoka 1.23 hadi 0.66. Na r inaruka kutoka 0.80 hadi 0.94.

Nimemrudisha. Hakuna sababu ya kumtoa mtu kwa kuwa hakulala kama wenzake. Lakini nimeongeza nusu ukurasa juu yake.

Siku ya 16, Jumanne

Jaribio. Vijana watatu, benchi la nje, nakala tatu za rasimu. Nimenyamaza kadiri nilivyoweza.

Mdogo wao alifanya kazi ya sensa ya 2022, na swali lake likanifurahisha: "Kaka, sensa ni kundi gani?" Elezi. Tanzania walihesabiwa watu 61,741,120, na wastani wa kaya ukawa watu 4.3. Pale hapachomwi bambo, gunia zima limemwagwa turubaini. Kama mtu karukwa au kahesabiwa mara mbili, hilo ni kosa la kuhesabu, si la sampuli, na p haina la kusema. Akauliza tena, "Na ile ya afya ya mama na mtoto, ya kaya zilizochaguliwa?" Ile ni bambo, ndiyo maana ripoti yake huja na mipaka ya makosa mwishoni, kwenye kurasa ambazo hakuna anayezifungua.

Dada aliyekaa katikati alisoma kimya mpaka mwisho, akasema: "Kwa hiyo p ikiwa ndogo, uhusiano unakuwa sababu." Hapo nikaona rasimu imeshindwa. Hapana, dada. Kalamazoo walimpa mtu dawa, wakaondoa, wakampa nyingine. Walishika usukani. Sisi hatumpi mtu kitu, tunapiga hodi tunauliza. Tukikuta wenye choo bora wana watoto wasiougua sana, p ndogo inatwambia kwamba uhusiano huo huenda upo hata kwenye kaya ambazo hatukubisha. Haituambii kama ni choo, au ni fedha iliyojenga choo. Akaniambia, "Sasa hilo mbona hukuliandika?" Sikuwa nimeliandika.

Wa tatu alitaka jina la dawa ya pili, ana shangazi asiyelala. Hapo nikalazimika kutoboa: Gosset aliandika majina ya dawa vibaya, na kosa likanakiliwa baada yake kwa miaka. Hesabu ni safi, lebo ndiyo yenye kasoro. "Kama kuingiza msimbo wa kijiji kingine kwenye dodoso," akasema. Sawasawa kabisa. Na hata lebo ingekuwa sahihi, bambo lilichomwa kwenye gunia moja, hospitali moja, wagonjwa wa akili, zaidi ya miaka mia iliyopita, wala hawakuchaguliwa kwa nasibu. Shangazi hamo kwenye gunia lile. Aende kituo cha afya.

Siku ya 18, Alhamisi

Nimevunja ukurasa wa pili. Nilikuwa nimechora masanduku matatu sambamba, na sanduku la katikati lilikuwa linavuja tangu siku ile.

Hii hapa sababu. Ile r ya 0.80 ni ya wagonjwa kumi. Kama naishia kwao, ni maelezo tu, ndugu wa wastani. Nikiuliza kama wagonjwa wengine nao wangekuwa hivyo, nimeshaingia kwenye kuhitimisha, na hapo r inahitaji mipaka yake kama kingine chochote. Nimeihesabu: uhakika wa asilimia 95 ni kati ya 0.33 na 0.95. Kutoka uhusiano hafifu hadi karibu kamili! Watu kumi ni wachache kweli. Kwenye semina ile 0.80 ingepigiwa makofi.

Kwa hiyo badala ya masanduku matatu nimeweka maswali mawili. La kwanza: unatazama jambo moja, au mawili kwa pamoja? La pili: unasema kuhusu uliowapima, au kuhusu wengine pia? Elezi na hitimishi zinatengwa na swali la pili. Uhusiano unatoka kwenye la kwanza, na unaweza kulala upande wowote wa la pili. Dada wa Jumanne nimempigia simu nikamsomea, akasema endelea. Jibu la swali lake nimeliweka ukurasa wa saba, pamoja na choo.

Saa tisa alasiri bi mkubwa karudisha rasimu. Amezungushia neno moja tu, ukurasa wa sita, kwenye maelezo chini ya mchoro wa nukta: "umethibitisha". Mwandiko wa rasimu ni wangu. Nimelifuta nikaweka "kwa wagonjwa hawa 10, wanaolala zaidi kwa dawa moja ndio wanaolala zaidi kwa nyingine". Limekuwa refu kuliko nafasi, nimepunguza mchoro. Kesho nakala arobaini steshenari.